Hukuona Taa?

Gari la Mheshimiwa lilizimika mbele ya duka la rangi, mahali penye watu wengi kuliko pote katika barabara ile. Kwanza lilikohoa. Kisha mvuke mweupe ukapanda kutoka pembeni mwa boneti, ukafunika kioo cha mbele, na mwanamke aliyeshika usukani akalivuta pembeni kwa tahadhari, akaweka breki ya mkono, akageuka kumtazama mama yake aliyekaa kiti cha nyuma, mkongojo mapajani.

"Mama, tushuke."

"Linaungua?"

"Sijui. Tushuke kwanza."

Kushuka kwenyewe kulikuwa kazi. Gari lile lilikuwa sedani ya fahari ya zamani, refu na jeusi, shokabso zake zikijazwa upepo badala ya kutegemea springi kama magari ya watu wengine, na upepo huo ulikuwa ukivuja. Injini ikizimwa, gari lilianza kushuka taratibu mpaka tumbo likakaribia lami. Mama mtu nyonga yake ilikuwa mbovu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka hospitali kwa mazoezi. Alipotoa mguu mmoja nje, gari lilikuwa limekwisha kuchuchumaa, ikabidi vibarua wawili wa duka la rangi wamnyanyue kwa makwapa. Mmoja wao alikuwa na rangi ya samawati mikononi, na alama za vidole vyake zikabaki kwenye gauni la mama wa watu. Wengine walijikusanya nyuma ya gari kulisukuma lisizibe njia. Mtu mmoja akasema kumbe na wakubwa nao husukumwa, kicheko kikapita, hata waliokuwa wanasukuma wakacheka.

Mheshimiwa hakuwa mbunge, wala hakuwahi kugombea chochote. Alikuwa mshonaji wa suti za kiume, mwenye kibanda cha vioo karibu na soko, na jina hilo majirani walimpa siku alipolileta gari nyumbani. Siku za kazi aliwashonea mabwana harusi suti. Mwisho wa wiki aliwapakia hao hao na kuwapeleka ukumbini, gari likiwa na maua kwenye boneti. Nusu ya chakula cha nyumba ile ilitoka kwenye sindano, nusu ya pili kwenye gari. Na alilipenda. Mtu akimuuliza habari za nyumbani alijibiwa habari za silinda sita, nguvu za farasi, ngozi ya viti isiyopasuka, mbao halisi za dashibodi, na giaboksi otomatiki inayobadilisha gia abiria asijue. Siku hizi abiria alijua, kwa sababu giaboksi ilikuwa ikiruka kila ikiingia ya tatu, ila hilo halikuwamo kwenye sifa.

Alifika kwa pikipiki ya kukodi, futi ya kupimia watu bado imening'inia shingoni. Aliwapita vibarua, akampita mama mkwe aliyekalishwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akasimama mbele ya mkewe.

"Hukuona taa?"

Hilo ndilo lililotoka kwanza. Hakusema pole, hakuuliza kama wameumia.

"Taa ipi?" mkewe akauliza.

"Taa nyekundu. Ya joto. Inakuwakia mbele ya uso."

"Haikuwaka."

"Gari linachemka mpaka linafuka moshi, unaniambia taa haikuwaka? Ulikuwa unatazama wapi?"

Watu waliokuwa wakitazama injini sasa walimtazama mkewe. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa sauti ya upole, na hakuzoea kukaripiwa hadharani. Isitoshe, pale ndipo mumewe alipomgusa pabaya zaidi. Leseni yake aliipata kwa kusomea, darasani na barabarani, akafaulu mara ya kwanza, hali mumewe alifundishwa na marafiki kwenye uwanja wa mpira. Kila akikaa kwenye usukani alitazama kioo cha kati, vioo vya pembeni, kisha dashibodi, kwa utaratibu ule ule aliofundishwa, hata kama alikuwa anakwenda dukani tu.

"Nilitazama," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mara natazama."

Mheshimiwa akafungua mlango wa dereva, akainama ndani ili amwonyeshe kwa kidole taa ilipo. Kidole kikabaki hewani.

Alikuwa amesahau, au tuseme alikuwa amezoea mpaka haoni. Zamani kidogo, siku ya harusi moja, shangazi wa bwana harusi alichungulia mbele akaona taa mbili za njano zinawaka, moja yenye umbo la injini na nyingine ya mifuko ya hewa. Akauliza kama gari lile ni zima. Mheshimiwa akaeleza kwamba ni sensa tu, vile vidude vya kupima, zimechoka, kwamba gari la umri ule taa zake huwaka tu, na alikuwa anasema kweli. Shangazi hakutaka kusikia. Alimshusha bwana harusi na kumpakia gari jingine mbele ya wageni wote, na Mheshimiwa akarudi nyumbani na maua yake kwenye boneti. Jioni ile alichukua tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, akaikata kwa wembe wa kufumulia nyuzi, akaibandika juu ya taa. Hakuziba zile mbili tu. Aliziba mstari mzima, kwa sababu kipande kimoja kirefu hukaa vizuri kuliko viwili vifupi.

Kilikaa vizuri mno. Dashibodi ilikuwa nyeusi na tepu nyeusi, na kingo zilinyooka kama za mfuko wa koti. Huyu alikuwa mtu aliyeishi kwa kuficha mishono. Mshale wa kupimia joto nao ulikwisha kufa siku nyingi, umesimama katikati, mahali unaposimama gari likiwa na afya njema, na kengele ya hatari ilinyamazishwa na mwenye gari aliyetangulia. Kwa hiyo ile taa nyekundu ndiyo pekee iliyobaki ya kumwambia dereva kwamba maji yamekwisha. Iliwaka vizuri tu asubuhi ile, iliwaka kwa bidii zake zote, nyuma ya tepu.

Angeweza kusema pale pale. Sentensi moja ingetosha, na watu wangecheka, na yeye angecheka nao kwa aibu, na jioni habari ingekuwa imekwisha. Lakini watu walikuwa wengi, na wamekwisha kusikia alivyoanza. Akatoa kichwa nje, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Tulivute gereji," alisema.

Gereji ilikuwa uwanja wenye mapaa ya mabati, na fundi wake alikuwa mtu mnene mwenye kupenda kueleza. Alifungua boneti, akatia tochi, na bila kupoteza muda akamwonyesha Mheshimiwa tangi dogo la maji, la plastiki, limepasuka kwenye maungio yake tangu juu hadi chini.

Alieleza kwamba magari ya aina ile yana ugonjwa wao. Waliyatengeneza kwa chuma cha kudumu milele, halafu maji ya kupozea hicho chuma wakayaweka kwenye plastiki. Plastiki ikipikwa miaka mingi hukauka ikawa kama biskuti. Siku ikipasuka maji humwagika yote, injini inachemka, gasketi inaungua, na kichwa cha injini, ambacho si chuma bali ni aluminiamu, kinapinda. Hiki kimepinda. Kitafunguliwa, kitapelekwa kwa wachongaji kikasagwe kinyooke, na itachukua muda na fedha. Kiasi alichokitaja kilimfanya Mheshimiwa ashike ukingo wa boneti.

"Na kama lingezimwa mapema?" aliuliza.

"Lingezimwa taa ilipowaka? Tungebadilisha tangi tu, ukaondoka nalo mchana huo huo," fundi akasema, huku akijifuta mikono. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Mama watoto."

"Basi umenijibu."

Wenzake fundi waliokuwa chini ya gari jingine wakacheka, na Mheshimiwa akacheka nao. Hakucheka sana, alitoa kicheko cha kuwafuata wenzake, lakini alicheka.

Fundi alipokwenda kuzungumza na simu, Mheshimiwa aliingia ndani ya gari kama anayetafuta kitu alichosahau. Alipitisha ukucha kwenye kona ya tepu, ikabanduka nzima kwa mara moja, ikamnata kiganjani. Aliifinyanga ikawa kidonge, akashuka, na alipopita kando ya karai la oili chafu akakidondosha humo. Kilizama. Hakuna aliyemwona, na mtu yeyote ambaye angeingia kwenye gari lile kuanzia saa hiyo angekuta mstari wa taa uko wazi kabisa, kila dereva mwenye macho yake auone.

Nyumba yao ilikuwa vyumba vitatu na kibaraza. Watoto wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo jioni walikuwa watatu tu, mume, mke na mama mkwe, na jioni ile walikaa mezani bila maneno mpaka mama mkwe alipochoka na ukimya.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema, akimtazama mkwewe. "Huyu mtoto alikuwa anatazama. Tangu tunatoka hapa mpaka pale alikuwa ametoa macho mbele, hata nikimsemesha ananijibu kwa mkato. Sasa hiyo taa, baba, iliwakia wapi?"

Mheshimiwa hakumkatalia. Mama mkwe hakataliwi. Alisema kwa heshima zote kwamba gari la namna ile lina mambo mengi mbele ya dereva, namba, mishale, vitufe, na kwamba hata yeye mwenyewe lilimchukua muda kulizoea. Mtu akilipanda mara moja moja ni rahisi jambo kumpita. Aliongea vizuri. Kila neno lake lilikuwa na adabu, na kila neno lilimsogeza mkewe hatua nyingine kwenye kosa.

Mkewe alikuwa ameinamisha uso. Tangu mchana alikuwa akiirudia safari nzima kichwani, kona kwa kona, akitafuta ni wapi macho yake yalipohama. Kwenye mzunguko alimtazama mwendesha baiskeli. Mbele ya benki alitazama kioo cha nyuma kumwona mama yake kama yuko sawa. Labda ni hapo. Taa huwaka kwa sekunde tu mtu akiwa anatazama kwingine? Haiwezekani, ikiwaka inabaki imewaka. Lakini mumewe alisema iliwaka, na fundi naye, kwa kauli ya mumewe, alisema lazima iliwaka, na gari lilikuwa limekufa. Mtu mmoja hawezi kushindana na vyote hivyo.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Sijui ilinipita vipi. Nisamehe."

Sasa hapa ndipo. Mtu mwingine, hata mwoga kiasi gani, neno lile lingemchoma akaropoka yote. Mheshimiwa lilimchoma, hilo tusimnyime. Alihisi joto masikioni na kijiko kikamtoka mkononi. Lakini alikuwa amekwisha kutoa tepu. Kusema sasa kungekuwa kusema mambo mawili, la kwanza la usahaulifu na la pili ambalo halikuwa la usahaulifu hata kidogo. Mama mkwe alikuwa anamtazama. Mkewe alikuwa anangoja.

"Yamepita," alisema. "Nimekusamehe."

Mama mkwe akashukuru kwa niaba ya binti yake. Akasema siku hizi wanaume wenye moyo kama huo si wengi.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kujibana. Bwana harusi mmoja alikuja kudai gari aliloahidiwa, akaambiwa habari, akaondoka na kukodi la mtu mwingine, na suti akaenda kushona kwingine. Mama mkwe alipelekwa hospitali kwa teksi, na siku ambazo teksi haikuwezekana alifanya mazoezi yake kibarazani peke yake, akinyoosha mguu na kuukunja, akihesabu kwa sauti. Nyama ilipungua mezani, kisha ikatoweka, na hakuna aliyeitaja.

Majirani walikuwa na lao. Mheshimiwa alipopita asubuhi akiwa na kifurushi cha vitambaa begani, walimuuliza kama leo msafara unakwenda kwa miguu. Siku moja, kwa kutaka tu kuwajibu, aliwaambia kwamba ukimpa mwanamke gari ujue umempa na sababu ya kukusikitisha. Wakacheka. Mkewe alikuwa bombani nyuma ya ukuta, ndoo yake inajaa, na aliyasikia yote. Mumewe aliporudi jioni, alimpa maji ya kunawa na taulo, kama kila siku.

Kisha akaja na miwani.

Mheshimiwa alimkuta kibarazani anakata herufi za karatasi kwa ajili ya darasa lake, miwani imekaa puani, fremu ya kahawia ya bei nafuu, mkono mmoja wa fremu umekaa juu kuliko wa pili. Alimuuliza imekuwaje. Mkewe akaivua, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Nimepima macho," alisema. "Yule wa miwani anasema macho yangu mazima. Nikamwambia pima tena. Akapima tena, akasema mazima. Nikamwambia mtu mwenye macho mazima hawezi kukosa kuona taa nyekundu mbele ya pua yake. Basi akanipa hii ya namba ndogo, akasema haina madhara."

"Na inakusaidia?"

"Kichwa kinauma kidogo. Nitazoea."

Alichukua mkasi, akaendelea kukata herufi. Baada ya kitambo akasema, bila kuinua uso, kwamba amemwomba mwalimu mkuu amwondoe kwenye zamu ya kuvusha watoto barabara. Zamu hiyo alikuwa nayo tangu alipoajiriwa. Kila mchana alisimama katikati ya lami na kibao chake, malori yakangoja, na watoto wakapita mbele yake wameshikana mikono. Aliporudi nyumbani, hiyo ndiyo aliyoisimulia kuliko yote, nani alidondosha kiatu, nani alimpungia dereva mkono. Mheshimiwa akauliza kwa nini.

"Kama taa ilinipita," mkewe akasema, "siku moja litanipita gari. Na siku hiyo sitakuwa na mama nyuma, nitakuwa na watoto wa watu."

Mheshimiwa alikwenda kibandani kwake asubuhi iliyofuata akashona mkono wa kulia wa koti mahali pa mkono wa kushoto. Hakuwa amefanya kosa kama hilo tangu alipokuwa mwanafunzi wa cherehani. Aliufumua, akaushona tena, na alipoliinua koti kulitazama akakuta ameurudisha pale pale. Alilitundika hivyo hivyo, akakaa akilitazama, na mteja aliyeingia alidhani anaumwa.

Gari lilipona. Fundi alimwita akalione, na kwa kweli alikuwa amefanya kazi ya mtu anayejiheshimu. Kichwa cha injini kimenyooshwa, gasketi mpya, tangi jipya, mipira ya maji mipya, hata mshale wa joto ameufufua. Alikuwa ameosha gari ndani na nje, na dashibodi ameifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka inang'aa. Kama kulikuwa na gundi yoyote iliyobaki kwenye kioo cha taa, ilikwenda na kitambaa hicho. Mheshimiwa aliinama akakagua kwa jicho la mshonaji. Hapakuwa na kitu. Sasa ni yeye peke yake duniani aliyejua, na angeweza kuzeeka nalo.

Alipogeuza ufunguo injini iliitika mara moja, tamu, bila kukohoa. Gari likainuka juu ya upepo wake. Na zile taa mbili za njano, ya injini na ya mifuko ya hewa, zikawaka mbele yake kama zamani.

"Hizo za sensa, haziondoki mpaka tubadilishe sensa zenyewe, na hizo hutazipenda bei," fundi alisema akichungulia dirishani. "Lakini zisikusumbue. Wengi wenye magari haya nawazibia na tepu tu. Nikuzibie? Wateja wako hawatajua."

Mheshimiwa aliziangalia zile taa, mikono kwenye usukani.

"Nipe hiyo tepu," alisema. "Nitaziba mwenyewe."

Fundi alimletea tepu na kisu. Mheshimiwa alipima kwa macho, akakata kipande kimoja kirefu, akakibandika juu ya mstari mzima, akakikandamiza kwa kidole gumba kutoka kushoto kwenda kulia mpaka kingo zikanyooka. Fundi aliisifu kazi, akasema mtu asiyejua hawezi kujua. Mheshimiwa alimpa mkono, akatoka na gari.

Mkewe alikuwa amerudi kutoka kazini na yuko kibarazani na mama yake. Jua lilikuwa bado juu, na majirani walitokeza kuona msafara umerudi. Mama mkwe alishukuru Mungu kwa sauti. Mkewe alisimama, akalitazama gari kwa mbali, akasema hongera, akataka kuingia ndani.

"Njoo ukae kwenye usukani," Mheshimiwa alisema.

"Mimi? Hapana, baba watoto. Gari nimeshaliacha."

"Huendi popote. Kaa tu."

"Niache."

"Nakuomba."

Hakuwa mtu wa kuomba, na neno hilo lilimfanya mkewe amtazame vizuri. Mama mtu akamwambia nenda, mtu akikuomba hivyo mwitikie. Basi akaenda, shingo upande, akakaa kwenye kiti cha dereva. Hata hapo, bila kujitambua, mkono wake ulikwenda kwenye kioo cha kati ukakirekebisha. Mheshimiwa alizunguka akaketi kando yake na kufunga mlango.

"Washa," alisema.

Aliwasha. Injini ikanguruma kwa upole.

"Unaona taa gani hapo mbele?"

Alitazama. Alisogeza uso karibu na dashibodi, akarudi nyuma, akairekebisha miwani. Alidhani huu ni mtihani mwingine na kwamba anafeli.

"Sioni taa," alisema.

"Tazama tena."

"Natazama. Sioni hata moja. Unataka nikwambie nini? Kama zinawaka sizioni, basi. Nimekwambia macho yangu si mazima."

"Vua miwani."

Aliivua. Mheshimiwa akapeleka ukucha kwenye kona ya tepu, akaivuta polepole, yote, na taa mbili za njano zikajitokeza moja baada ya nyingine. Karibu nazo, kwenye kioo kile kile, kulikuwa na alama ndogo ya joto ambayo sasa haikuwaka kwa sababu hapakuwa na haja.

"Siku ile ilikuwa hivi," alisema. "Niliibandika mimi, kwa ajili ya wateja. Gereji nikaitoa, usije ukajua. Taa uliyoulizwa haikuwa na njia ya kukufikia. Macho yako hayana kosa."

Mkewe alizitazama zile taa mbili. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo mahali tepu ilipokuwa, taratibu, kama anayepima kama pana joto.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Siku ya kwanza kuliendesha. Nilikuuliza kwa nini taa za gari hili haziwaki mtu akigeuza ufunguo, maana shuleni tulifundishwa lazima ziwake zote. Ukanicheka. Ukasema magari ya kifahari hayawaki ovyo."

"Nilisema hivyo."

"Ulijua lini?"

"Nini?"

"Kwamba ni tepu. Ulijua lini?"

Mheshimiwa angeweza kusema gereji. Ilikuwa hapo mdomoni, na ingempunguzia.

"Pale pale barabarani," alisema. "Nilipoinama nikuonyeshe."

"Kabla hujanisamehe."

Mheshimiwa aligeuza uso upande wa kibaraza.

"Nakuuliza. Kabla hujanisamehe, au baada?"

"Kabla."

Aliikunja miwani, mkono mmoja, kisha wa pili, akaiweka juu ya dashibodi. Hakulia. Mheshimiwa angependelea alie, kilio angejua la kukifanyia. Alikuwa amenyooka kitini na mikono yote miwili kwenye usukani, mkao wa kitabuni, mkao aliofaulia.

"Ule msamaha," alisema, "uliutoa mbele ya mama. Akakushukuru. Nenda kauchukue."

"Sasa hivi?"

"Yuko pale. Ukitoka kwake, wapo wale wa duka la rangi, na wapo hawa wanaochungulia ukutani. Lakini anza na mama. Mimi nakusubiri hapa."

Mheshimiwa alishuka. Tepu ilikuwa imemnata kidole gumba. Aliikung'uta, ikahamia kidole cha pili, akaiacha. Kutoka pale mpaka kibarazani hapakuwa mbali, na mama mkwe, alipomwona anakuja na uso ule, aliushusha mguu aliokuwa anaunyoosha, akasogea kumpisha nafasi kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Mbona tuliamkiana asubuhi?"

Hakuketi. Nyuma yake alisikia dirisha la gari, lile la upande wa dereva lenye mota mbovu, likishuka kwa kulalamika, likakwama katikati. Ilitosha kwa aliye ndani kusikia.

"Mama," alisema, "siku ile mwanao alitazama."